Umebadilisha rimu au tairi na gari limeanza kusumbua? Anza na dalili

Gari halikuwa na neno. Likafungwa rimu mpya, au matairi ya saizi nyingine, na tangu siku hiyo usukani unatetemeka, tairi linasugua ukikata kona, au taa imewaka kwenye dashibodi na haitaki kuzimika. Mwenye gari anakimbilia alaimenti, kisha balansi, kisha anaanza kubadilisha bushi na tairodi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Pesa inakwenda na tatizo linabaki, kwa sababu kilichokosewa ni namba, na namba haisahihishwi kwa spana.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachokutwa mara nyingi ndicho kinachotangulia, na ukaguzi wa kwanza ni ule unaoweza kuufanya mwenyewe ukiwa na tochi, rula, chaki na kipima upepo. Palipoandikwa usiendelee kuendesha, usiendelee.

Namba za kuwa nazo mkononi kwanza

Bila hizi utakuwa unabahatisha. Saizi ya kiwandani imeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na pia kwenye kitabu cha gari. Usisome tairi lililopo ukadhani ndiyo saizi halali. Huenda aliyekuwa na gari kabla yako alishabadilisha.

Tuchukue 205/55 R16 91V. Upana wa tairi ni milimita 205. Ubavu una kimo cha asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 112.75. R ni aina ya muundo wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni namba ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. V ni mwendo wa juu, kilomita 240 kwa saa. T ni 190, H ni 210.

Kipenyo cha gurudumu zima unakipata kwa kujumlisha ubavu mara mbili na rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi 16 ni 406.4. Jumlisha 225.5, unapata milimita 631.9. Iandike mahali, tutairudia.

Rimu nayo ina namba zake, mara nyingi zimegongwa kwa nyuma au kwenye mikono yake: 7J x 16, ET45, 5x114.3. Ya kwanza ni upana wa rimu kwa inchi, ya pili kipenyo. 5x114.3 ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati yake, ndiyo inayoitwa PCD. ET ni umbali wa milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje ya gari. Ikiongezeka, linaingia ndani. Watu wengi hununua rimu kwa inchi na matundu peke yake, wakasahau ET na tundu la katikati. Malalamiko mengi ya hapa chini yameanzia hapo.

Dalili: tairi linasugua

Swali la kwanza ni linasugua lini, maana jibu lake linakata nusu ya kazi.

Likisugua ukikata usukani hadi mwisho tu, bega la tairi linafika kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, kwenye kona ya bampa, au kwa upande wa ndani kwenye chasisi. Likisugua gari linapoingia shimoni au likibeba watu kiti cha nyuma, linagusa ukingo wa fenda kwa juu. Likisugua muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, kuna kitu kinaguswa ambacho hakipaswi kuguswa kabisa, na hapo gari lisiende popote mpaka kijulikane.

Usibishane na masikio. Paka chaki kwenye mabega yote mawili ya tairi, la ndani na la nje, endesha polepole uwanjani huku ukikata usukani pande zote, kisha shuka utazame chaki imefutika wapi. Piga tochi ndani ya madigadi pia: plastiki iliyosuguliwa hung'aa, na chuma kilichosuguliwa huwa kimepoteza rangi.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida:

1. Plastiki ya madigadi imelegea. Vishikizo vyake huvunjika wakati wa kufungua gurudumu, plastiki inaning'inia na kugusa tairi. Dawa yake ni kishikizo kipya. Inashangaza ni mara ngapi hiki ndicho chanzo na watu wameshaanza kutafuta rimu nyingine.

2. ET ya rimu mpya ni ndogo mno au upana umezidi. Hapa fanya hesabu usikisie. Tuseme ya kiwandani ni 7J ET45 na uliyofunga ni 8J ET35. Upana umeongezeka inchi 1, yaani milimita 12.7 kila upande. ET imepungua 10, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje milimita 10. Kwa upande wa nje umeongeza 12.7 na 10, jumla milimita 22.7. Kwa upande wa ndani umeongeza 12.7 ukatoa 10, yaani limesogelea shokamzoba kwa milimita 2.7 tu. Milimita 22.7 upande wa nje ni karibu upana wa kidole gumba, na magari mengi madogo hayana nafasi hiyo chini ya fenda.

3. Kipenyo cha gurudumu kimezidi. Rudi kwenye hesabu ya kipenyo. Aliyetoka 205/55 R16 akaenda 215/60 R16 amepata milimita 664.4. Rimu ni ileile, upana umeongezeka milimita 10 tu, lakini gurudumu limekua milimita 32.5. Nusu yake, zaidi ya milimita 16, inakwenda juu kuelekea fenda na nusu inakwenda chini.

4. Springi zimechoka au zimekatwa. Ukiona upande mmoja unasugua na mwingine hausugui ilhali matairi ni sawa, pima kwa rula kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Tofauti kubwa inamaanisha springi au shokamzoba.

5. Kitu kimepinda. Gari lililogonga ukingo wa barabara au kuingia shimo kubwa linaweza kuwa na mkono wa chini uliorudi nyuma, na tairi la upande huo likasogelea madigadi. Linganisha nafasi ya mbele na ya nyuma ya tairi kwa pande zote mbili.

Marekebisho ya kweli kwa chanzo cha 2 na 3 ni kurudi kwenye namba zinazofaa: tairi jembamba zaidi lenye kipenyo kilekile, au rimu yenye ET iliyo karibu na ya kiwandani. Kukata plastiki ya madigadi ni njia ya mkato ambayo siipendi, kwa sababu plastiki hiyo inazuia maji na matope yasifike kwenye nyaya. Kukunja ukingo wa fenda kwa ndani kunawezekana, lakini ni kazi ya fundi bodi mwenye kifaa cha joto; ukikunja rangi ikiwa baridi inapasuka na kutu inaanzia hapo.

Spesa, yaani bamba linalowekwa kati ya rimu na habu, husaidia pale tu tairi linapogusa upande wa ndani. Kwa tairi linalogusa nje, spesa inazidisha ugonjwa.

Acha kuendesha kama tairi linagusa shokamzoba, mpira wa breki au waya wa sensa, au kama ubavu umekwanguka hadi nyuzi zinaonekana. Tairi lililofikia nyuzi halina matibabu.

Dalili: mtetemo unaoanza gari likishika mwendo

Mtetemo wa usukani unaotokea kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa kisha ukapungua, kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti kuliko usukani, angalia ya nyuma. Unaotokea ukikanyaga breki tu ni habari ya diski za breki, usiuchanganye na huu.

Anza na vitu vya bure. Tazama ndani ya rimu kama kuna tope lililokauka; donge dogo linatosha kuharibu balansi. Tafuta alama ya gundi mahali ambapo risasi ya balansi (kipande cha chuma kinachobandikwa kusawazisha gurudumu) ilikuwa ikadondoka. Kisha pima upepo.

Kama hayo yako sawa, balansi ndiyo inayofuata, na mara nyingi kazi inaishia hapo. Lakini kuna kundi la watu wanaorudi kwa fundi mara kwa mara, mashine inaandika sifuri, na gari bado linatetemeka. Hao wasome kwa makini aya zifuatazo.

Rimu nyingi zisizo za kiwandani zimetengenezwa ziingie kwenye magari mengi, kwa hiyo tundu la katikati ni kubwa, milimita 73.1 ni kipimo cha kawaida. Habu za Toyota nyingi zina 60.1, Honda nyingi 64.1, Nissan nyingi 66.1, Volkswagen 57.1. Ukifunga rimu ya 73.1 kwenye habu ya 60.1 kuna pengo la milimita 13 za kipenyo, na gurudumu linashikwa katikati kwa nati peke yake. Likifungwa kidogo pembeni, linazunguka pembeni. Mashine ya balansi haioni kosa hili, kwa sababu koni yake inaingia kwenye tundu na kuiweka rimu katikati kikamilifu. Kwenye mashine ni sifuri; kwenye gari si sifuri.

Namna ya kulitambua: fungua gurudumu na ulirudishe. Mtetemo ukibadilika, ukawa mkali zaidi au ukapungua bila balansi kuguswa, mshuku tundu la katikati. Dawa ni pete za kujaza pengo, za plastiki ngumu au aluminiamu, zenye kipimo cha nje sawa na tundu la rimu na cha ndani sawa na habu. Ni vitu vya bei ndogo. Wakati wa kufunga, gurudumu liwe hewani, nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, kisha jeki ishushwe ndipo zikazwe za mwisho.

Pete zikiwepo na mtetemo ukabaki, angalia uso wa habu. Kutu au mchanga kati ya habu na rimu unalifanya gurudumu likae kimshazari. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Kisha inakuja rimu iliyopinda: inua gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono, shikilia kijiti karibu na ukingo wa rimu na utazame kama nafasi inapanuka na kufinyika. Fanya vivyo hivyo kwa tairi lenyewe. Rimu ikizunguka sawa na tairi likacheza, huenda tairi halijakaa vizuri kwenye rimu. Kuna mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu. Umbali wake kutoka kwenye rimu uwe sawa mzunguko mzima.

Boljointi, tairodi na beringi ziwe mwisho wa orodha, isipokuwa kama gurudumu lililoinuliwa linacheza ukilishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, hiyo si kazi ya barabarani, mpe fundi.

Mtetemo ulioanza ghafla ukiwa safarini na unaozidi kila kilomita ni jambo jingine kabisa. Simama mahali salama. Ama nati zimelegea, ama tabaka za ndani za tairi zinaachana, na yote mawili yanaishia pabaya.

Dalili: spidomita haisemi kweli, gari linaonekana kula mafuta, taa zinawaka

Spidomita inahesabu mizunguko. Haijui kipenyo cha tairi ulilofunga. Tazama vipenyo hivi ukivilinganisha na 205/55 R16 ya milimita 631.9:

- 195/65 R15: 634.5, tofauti asilimia 0.4
- 225/45 R17: 634.3, asilimia 0.4
- 225/40 R18: 637.2, asilimia 0.8
- 205/50 R16: 611.4, pungufu asilimia 3.2
- 215/60 R16: 664.4, zaidi asilimia 5.1

Tatu za kwanza ndizo mfano wa kubadilisha rimu kwa akili: inchi zinabadilika, ubavu unafidia, kipenyo kinabaki palepale. Mafundi wengi hushika ukomo wa asilimia 3. Mimi ningebaki chini ya 2 kama nafasi ipo, hasa kwa upande wa kuongeza, kwa sababu tairi kubwa linaifanya spidomita isome pungufu. Ukiwa na 215/60 R16 hiyo, tofauti haionekani kwa macho, ila mzunguko mmoja wa gurudumu unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 5. Viwanda kwa kawaida hupanga spidomita isome juu kidogo, kwani Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu isome chini ya mwendo halisi. Akiba hiyo ndogo ndiyo unayoimaliza.

Linganisha spidomita na mwendo wa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, msomaji akiwa abiria na si dereva.

Kuhusu mafuta, kuna mtego. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia 5, odomita nayo inahesabu pungufu: umekwenda kilomita 105 yenyewe inaandika 100 hivi. Ukigawanya kwa lita, gari linaonekana limeanza kunywa mafuta. Sehemu ya ongezeko hilo ni hesabu tu. Sehemu nyingine ni ya kweli: rimu kubwa ni nzito, na tairi pana lina msuguano zaidi.

Taa zina sababu zake. Ile ya upepo wa tairi ikiwaka mara tu baada ya kubadilisha rimu, jibu la kawaida ni kwamba sensa zimebaki kwenye rimu za zamani. Magari yasiyo na sensa ndani ya rimu hutumia tofauti ya mizunguko, na yanahitaji mfumo uanzishwe upya baada ya kujaza upepo sawasawa. Kitabu cha gari kinaonyesha kitufe au menyu yake. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) au ya kuzuia utelezi ikiwaka, angalia kwanza kama matairi yote manne yana saizi moja, kisha kama waya wa sensa ya gurudumu umevutwa au kukatika wakati wa kazi.

Wenye fowili ya kudumu, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne muda wote, wawe waangalifu kuliko wote. Matairi ya mbele na nyuma yakiwa na vipenyo tofauti, difu ya kati au klachi yake inafanya kazi bila kupumzika na kupata joto. Haihitaji saizi tofauti kabisa: matairi mawili mapya pamoja na mawili yaliyopungua kina kwa milimita 3 ni tofauti ya milimita 6 za kipenyo, karibu asilimia 1. Ukisikia gari linajivuta au kugutuka ukikata kona kwa mwendo mdogo, usiliendeshe hivyo kwa wiki nzima. Rudisha matairi yanayolingana, na mafuta ya difu yakaguliwe.

Dalili: rimu haikai, au nati zinalegea

Hapa usivumilie hata kidogo.

Rimu isiyoingia kwenye stadi zote (bolti zinazochomoza kwenye habu) bila kulazimishwa si yake. 5x112 na 5x114.3 zinatofautiana milimita 2.3 tu na mtu anaweza kuzilazimisha kwa kukaza nati. Stadi zinapinda, nati hazikai kikamilifu, na siku moja stadi inakatika. Pia 5x100 na 5x114.3 zinakutwa zote kwenye magari ya Toyota na Subaru, kwa hiyo jina la gari halitoshi.

Rimu inayoingia lakini ikakwama isizunguke inagusa kalipa ya breki. Baada ya kufunga, kabla ya kushusha jeki, zungusha kila gurudumu kwa mkono mzunguko mzima. Wakati mwingine rimu inapita vizuri, ila risasi ya balansi iliyobandikwa ndani ndiyo inayogonga kalipa. Hiyo inahamishwa tu.

Nati zinazolegea zina vyanzo vinavyofuatana hivi. Kwanza, hazikukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo. Rangi kwenye matundu ya rimu mpya hubonyea na nati inapoteza mkazo. Pili, umbo la nati halilingani na kiti chake. Rimu nyingi za madukani zinataka nati zenye koni ya digrii 60. Honda za kiwandani hutumia nati zenye umbo la mviringo kama mpira wa kuchezea. Baadhi ya rimu za aluminiamu za Toyota za zamani zinataka nati bapa yenye washa. Nati ya koni kwenye kiti cha mviringo inashika kwa mstari mwembamba tu. Tatu, hatua za uzi si zenyewe: Toyota na Honda nyingi ni M12x1.5, Nissan na Subaru nyingi ni M12x1.25. Nati isiyo yake huanza vizuri mizunguko miwili kisha inakuwa ngumu. Ukiisikia ngumu, irudishe, usiongeze bomba kwenye spana.

Nne ni spesa. Spesa nene iliyopita juu ya stadi zilezile inazipunguzia nati mahali pa kushika. Kanuni ya kazi ni uzi ushike urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa M12x1.5 hiyo ni mizunguko 8 kamili, kwa M12x1.25 ni karibu 10. Hesabu kwa mkono unapofunga.

Mkazo wa nati kwa magari mengi madogo uko kati ya Nm 100 na 120, lakini fuata kitabu cha gari lako na tumia spana ya kupimia mkazo. Mashine ya upepo inayolia kwa sekunde nzima kwenye kila nati inaweza kuzidisha mara mbili.

Stadi ikiwa imekatika au tundu la rimu limekuwa duara la yai, gari libebwe. Lisiendeshwe.

Dalili: gari linavuta upande, usukani umekuwa mzito au unafuata mifereji ya barabara

Pima upepo kwanza, matairi yote yakiwa baridi. Kisha badilishana matairi mawili ya mbele, la kushoto liende kulia. Kama yana mshale wa kuelekeza mzunguko, hii haifanyi kazi. Gari likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likiendelea kuvuta upande uleule, nenda alaimenti au kagua breki inayobana.

Usukani kuwa mzito kidogo na kufuata mifereji ni tabia ya tairi pana na rimu zenye ET ndogo. Hakuna alaimenti itakayoiondoa yote. Ama unaizoea, ama unarudi nyuma kwa upana.

Dalili: tairi linaliwa vibaya

Likiliwa katikati, upepo umezidi, au tairi pana limefungwa kwenye rimu nyembamba hadi uso ukatuna. Likiliwa mabega yote mawili, upepo ni mdogo, au rimu ni pana mno ikalivuta tairi. 205/55 R16 inakubali rimu ya inchi 5.5 hadi 7.5, 225/45 R17 inataka 7 hadi 8.5. Nje ya hapo usifunge, hata kama tairi linaingia.

Likiliwa ndani peke yake, hasa baada ya kushusha gari kwa springi fupi, ni alaimenti. Likipata meno kama ya msumeno ukipitisha kiganja, ni alaimenti au shokamzoba iliyokufa.

Upepo una kosa lake maalumu kwa waliobadilisha saizi. Namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni ukomo wa tairi, si kipimo cha kujaza. Na kipimo cha stika ni cha saizi ya kiwandani. Tairi la ubavu mfupi linahitaji kubeba uzito uleule kwa nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo mara nyingi linauzwa kama XL (lililoimarishwa kubeba uzito zaidi) na linataka upepo wa juu kuliko wa stika. Jedwali la mtengenezaji wa tairi ndilo la kufuata. Namba ya uzito isishuke chini ya ya kiwandani. Ukitoka 91 ukaenda 87, kila tairi limepungukiwa kilo 70, na tairi lililozidiwa hupata joto hadi kupasuka.

Jambo moja lisilo la mjadala: kipenyo cha tairi na cha rimu kiwe kimoja kabisa. Rimu za inchi 16.5 zilikuwepo kwenye magari ya mizigo ya zamani, na tairi la 16 linaweza kupanda juu yake. Likijazwa upepo linaweza kulipuka usoni mwa fundi. Ukiona .5 kwenye rimu ya namna hiyo, simamisha kazi.

Dalili: uvimbe ubavuni, rimu zinapinda, gari limekuwa gumu

Uvimbe ni nyuzi za ndani zilizokatika, mara nyingi tairi lilipobanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu. Hauzibwi na haupungui kwa kutoa upepo. Weka tairi la akiba. Kama ni lile jembamba la muda, ukomo wake ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye fowili soma kitabu kabla ya kulifunga. Hilo lililovimba litupwe.

Kabla ya kununua jingine, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo halijawahi kufungwa linaweza kuwa limezeeka dukani.

Uvimbe ukirudi tena na tena, au rimu zikipinda kila msimu, barabara zako na ubavu wa tairi havielewani. 225/40 R18 ina ubavu wa milimita 90. Ukirudi 205/55 R16 unapata 112.75, na kipenyo cha nje kinabaki karibu vilevile. Gari linapoteza sura kidogo na linapata ulaini. Hakikisha tu kwamba rimu ndogo inavuka kalipa: iazime moja ya saizi hiyo, ifunge bila tairi, izungushe kwa mkono, na uache angalau milimita 3 kati yake na kalipa mzunguko mzima ndipo ununue nne.